Matumba ya Dungusi la Marehemu Salem

Kila aliyepita chini ya roshani ya Bi Swabaha, pale Kibokoni, alijua kwamba bintiye Bayan yuko Malaysia anasomea shahada ya pili. Wasioliamini hilo, kwa hesabu ya Bi Swabaha, walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe aliyelitunga, na jirani yake Mwanaesha aliyeapishwa asiliseme. Wao walijua kwamba Bayan yuko kisiwa hiki hiki, upande wa Liwatoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, katika vyumba viwili alivyopanga mumewe Kadenge, fundi wa mitambo ya barafu ya samaki.

Bi Swabaha alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Alitembea wima, buibui lake limepigwa pasi hata kama anakwenda dukani kununua kiberiti, na hakuna aliyewahi kumwona akigonga mlango wa mtu kuomba chumvi. Ukumbini mwake ilitundikwa hati ya nasaba ya ukoo wa mumewe, majina kumi na manne kurudi nyuma mpaka Hadhramauti, ndani ya fremu aliyoifuta vumbi kila Ijumaa. Siku Kadenge alipokuja kuposa alimkaribisha kwa sharubati ya ukwaju, akamwuliza babu zake. Kijana akawataja bila kusita, watu wa Kaloleni, mpaka kizazi cha tatu ambapo majina hayakuwa tena ya Kiislamu. Bi Swabaha akamshukuru, akamwambia hakuwa kufu ya binti yake, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote.

Ndoa ilifungwa kwa kadhi, pasipo mama na pasipo vifijo. Bayan alipokuja kuchukua nguo zake, mama yake alisimama juu ya ngazi akamwambia kwamba hatazipanda tena mpaka aitwe. Alidhani neno hilo lingedumu wiki moja. Lilidumu mwaka na miezi saba. Katikati yake alizaliwa mtoto wa kike, naye Bi Swabaha alipoletewa habari hakuuliza hata jina.

Alichobaki nacho cha kutunza ni dungusi.

Dungusi lenyewe lilikuwa la Salem, marehemu mumewe, karani wa bandarini. Mgoa mmoja aliyefanya naye kazi alipostaafu alimkatia kipande, ubapa wa kijani wenye meno pembeni kama msumeno butu. Salem alikilaza juu ya kabati siku nane bila udongo wala maji. Swabaha, wakati huo bi arusi wa mwaka mmoja, alidhani mume amesahau, na nusura akifagie pamoja na taka. Kumbe alikuwa akingoja jeraha likauke, maana kikipandwa kibichi huoza. Kisha akachanganya mchanga wa mtoni, mkaa uliopondwa, makumbi ya nazi yaliyolowekwa mpaka yakatoka chumvi, na konzi moja ya samadi ya mbuzi. Maji ya kisima cha nyumba yalikuwa ya chumvi, kwa hiyo dungusi lilinyweshwa maji matamu ya mkokoteni hata zile siku ambazo wenye nyumba walioga ya kisima.

Halikuwa dungusi la miiba ya kutisha. Matawi yake yaliteremka kutoka kwenye chungu kama mikanda, na kwa miezi kumi na moja ya mwaka mgeni angeweza kuuliza kwa nini kitu kibaya namna ile kimepewa mahali pazuri kwenye roshani. Lakini baada ya baridi ya kusi lilitoa maua mekundu mapana kama sahani ya chai, yenye nyuzi nyeupe katikati, yaliyofunguka alfajiri na kukaa siku mbili. Asubuhi ya ua la kwanza Salem hakwenda kazini mpaka saa nne. Mkeka ulitandikwa roshanini, mahamri na mbaazi za nazi zikaletwa, na watatu hao wakala wakilitazama. Bayan ndiye aliyekaa karibu nalo zaidi. Haikuwa ada ya watu wengine wowote mjini, bali ya nyumba ile tu.

Salem alikufa miaka minne iliyopita. Siku zote za eda, miezi minne na siku kumi, Bi Swabaha hakutoka nje, na kila asubuhi alilipa dungusi kikombe cha maji, kwa kuwa lilikuwa kitu pekee nyumbani kilichobaki cha kuhudumiwa. Mizizi ikaoza. Akakata vipande vilivyosalimika, akavilaza juu ya kabati lile lile, akapanda upya. Miaka mitatu ikapita bila hata tumba moja.

Mwaka huu aliamua kufanya kama Salem alivyofanya, bila huruma. Tangu Juni alilinyima maji, nusu kikombe kwa wiki mbili. Matawi yakajikunja kama ngozi ya mkono wa mzee, naye akapita kando yake akiangalia pembeni. Katikati ya Agosti, alipokuwa akifuta vumbi, aliona vinundu vyekundu kwenye meno ya matawi, vidogo kuliko punje za mchele. Alivihesabu na miwani, kisha akavihesabu tena. Vilikuwa kumi na kimoja.

Mwanaesha aliyaona matumba hayo siku ya pili, akafurahi kama ni ya kwake, akaondoka mbio. Alirudi jioni bado ana jasho, kwa kuwa alikuwa ametembea mpaka Liwatoni na kurudi.

"Nimemwambia mtoto," akasema, akijipepea kwa ncha ya leso. "Usinitolee macho, Mwalimu, nimekwisha mwambia. Amelia. Amesema, mwambie Mama ua la Baba likifunguka aniite, nitakuja na mwanangu. Asiponiita, nitajua hanitaki, na sitamsumbua tena."

Bi Swabaha alimjibu kwamba hakumtuma mtu. Lakini usiku huo hakulala, na haikuwa kwa hasira. Kwa mwaka na miezi saba alikuwa akitafuta njia ya kumwita Bayan bila kuonekana amerudi nyuma, na sasa njia ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni. Hangekuwa amesamehe wala kuomba. Angekuwa amemwita mtoto aje aone ua la baba yake, kama zamani. Nani angesema neno?

Kuanzia siku hiyo alianza kuogopa jicho.

Angeona haya kulikiri. Darasani alikuwa akiwacheka wasichana waliofunga nyuzi nyeusi mikononi. Lakini Mwanaesha, siku ile ya kwanza, alikuwa amesema, "Lo, yamejaa kama tasbihi," na hakusema mashallah. Neno hilo lilimkaa Bi Swabaha kifuani kama mwiba wa samaki. Basi kila aliposikia hodi chini, alikibeba chungu mikono miwili mpaka chumba cha ndani, akakiweka nyuma ya pazia la kitanda, na mgeni akiondoka akakirudisha roshanini. Muuza maziwa alipopiga hodi, kikaenda ndani. Watu wa umeme walipokuja kusoma mita, kikaenda ndani. Alhamisi wanawake walipokuja kwa uradi, kilikaa gizani kutoka alasiri mpaka isha. Jioni alilifukizia ubani, na mara mbili mvuje, mpaka pazia lote likanuka.

Tumba la kwanza liligeuka manjano shingoni likaanguka. Keshoye mawili. Kisha matatu kwa siku moja. Aliyaokota na kuyapanga kwenye kisahani, yakiwa yamefikia ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mazima kabisa, kama yaliyochumwa na mtu.

Siku yalipobaki manne, Mwanaesha alipanda na bakuli la uji wa mtama. Bi Swabaha alimkuta kwenye kona ya ngazi, akasimama mbele yake.

"Rudi nalo," akasema.

"Nimekukosea nini?"

"Wajua ulilolitazama na wajua hukulitajia jina la Mungu. Yalikuwa kumi na moja."

Mwanaesha alimtazama, bakuli likimwunguza mikono. "Mimi nimezaa sita, Mwalimu, na wote sita umewafundisha kusoma. Ningekuwa na jicho ningeanza na ile fremu yako ya ukutani. Hiyo ndiyo nimeitamani ianguke."

Akaweka bakuli juu ya ngazi, akateremka. Tangu siku hiyo madirisha yake yanayotazamana na roshani yalifungwa, hata wakati wa joto. Siri ya Malaysia hakuitoa. Bi Swabaha alijua hakuitoa, na kujua huko kulimchoma zaidi.

Lilipobaki tumba moja alivaa buibui, akalifunga lile la mwisho kuanguka katika karatasi, akaenda kwa Mumo. Mumo ni Mkamba anayeuza miche na vyungu vya maua kando ya barabara ya Mama Ngina, nyuma ya wauza mihogo, na Salem alikuwa akipita kwake kununua samadi. Alilipokea tumba, akalipasua kwa ukucha, akalinusa.

"Halina mdudu, mama. Wala halijaoza. Umelihamisha?"

Bi Swabaha alisema ndiyo, kidogo, wageni wanapokuja.

"Linatoka wapi linakwenda wapi?"

"Kutoka roshanini kwenda chumbani."

"Na kurudi."

"Na kurudi."

"Na wageni wako ni wengi?"

"Nyumba ya watu haikosi wageni."

"Basi hili limesafiri kunishinda mimi." Mumo alicheka, kisha akaona uso wake akaacha. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Dungusi la namna hii likishatia tumba hulielekeza kwenye mwanga. Ukiligeuza, hulazimika kulipinda upya, na likipindwa mara mbili tatu hulikata shingo lenyewe. Giza nalo huliambia kwamba msimu umekwisha, na moshi ndio kabisa. "Mzee Salem alikuwa akitia alama ya chaki sakafuni, pale chungu kinapokaa. Tumba likitoka, hata kufagia chini yake hafagii. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Au alimwambia, naye alikuwa akisahihisha madaftari.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita Ngome ya Yesu, ambapo muuza vinyago mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake alimwamkia shikamoo mara mbili bila kujibiwa. Matumba kumi yalikuwa yameangushwa kwa mikono yake mwenyewe. Alifika, akapiga magoti roshanini, akapuliza vumbi sakafuni polepole, na chini ya chungu, chini ya tabaka la miaka, akaona mstari mweupe wa duara. Akakiweka chungu ndani yake na hakukigusa tena.

Jioni hiyo alipika vitumbua, akachagua vilivyotoka vizuri, akavipanga kwenye sahani ya kumpelekea Mwanaesha. Neno la kusema alilitafuta, akalipata, akalijaribu kwa sauti ndogo jikoni. Lilikuwa fupi. Sahani ikakaa chini ya kawa mpaka ikapoa. Asubuhi vitumbua vilikuwa vimekauka, akavila mwenyewe.

Wiki moja baadaye tumba lilikuwa limefikia urefu wa kidole na kunyanyua shingo kama mtu anayeitwa. Ndipo Intisar alipofika kutoka Malindi.

Intisar ni dada mkubwa wa Salem, na katika ukoo mzima hakuna aliyeijua nasaba kama yeye. Siku ya tatu ya matanga ya Salem, mbele ya wanawake wote, alikuwa ameishika mikono ya Bi Swabaha akamwambia kwamba nyumba hii sasa imebaki na jina tu, alitunze. Tangu siku hiyo kila Bi Swabaha alipoona haya mbele ya watu, sura aliyoiona ilikuwa ya Intisar. Alikuja kwa harusi ya jamaa, na kama ilivyo haki yake alishukia nyumba ya kaka yake, na mkoba wa siku nne.

Alipoliona tumba alisema mashallah mara tatu, akavuta kiti akaketi mbele yake. Akauliza habari za Bayan. Bi Swabaha akasema hajambo, masomo yamembana. Intisar akasema, "Ah," akageukia barabara.

Ua lilifunguka siku ya pili alfajiri. Bi Swabaha aliliona kabla ya jua, aliporudi kutoka kutia udhu: jekundu, pana, limebetuka kuelekea nje, na mashine za bandarini zikisikika kwa mbali. Aliichukua simu mfukoni mwa dera, akaenda nayo jikoni, akafungua jina la Bayan. Kandambili za Intisar zikasikika ukumbini. Akairudisha mfukoni akawasha jiko.

Wakakaa roshanini wawili. Alikuwa amekanda unga wa mahamri tangu usiku, mwingi, wa watu wengi, na Intisar alikula mawili tu. Alitoa simu yake akalipiga ua picha, akapiga na nyingine. Kisha akaweka simu mapajani akamtazama wifi yake muda mrefu, kama anayengoja kuambiwa jambo.

"Kaka angefurahi," akasema. "Alikuwa akikaa na mtoto hapa."

"Ndiyo."

"Wangoja mtu, wifi? Mahamri ni mengi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Bi Swabaha alilijua hilo wakati ule ule. Lakini aliiona ile hati ukutani nyuma ya kichwa cha Intisar, akaona na mtoto asiyemjua jina akipandishwa ngazi mgongoni kwa Kadenge, na Intisar akihesabu vizazi. Akasema kwamba aliukanda mwingi kwa mazoea.

Akajiambia kwamba mchana Intisar atakwenda harusini na yeye atapata saa tatu. Intisar hakwenda. Alisema goti lamsumbua, akalala kwenye kochi la ukumbini na mlango wa roshani wazi. Keshoye Bi Swabaha akamshauri akamwone binamu yao wa Mji Mpya, hata akajitolea kumwitia tuktuk. Intisar akasema yuko vizuri hapa hapa, na hii sehemu yenye ua inamstarehesha. Kila baada ya sala alirudi kwenye kiti kile. Mara nne Bi Swabaha aliingia chooni na simu, na mara nne alitoka bila kupiga, kwa kuwa kuta za nyumba za zamani ni nene ila milango yake haifichi sauti. Alasiri ya siku ile petali za nje zilianza kulegea. Mpaka magharibi ua lilikuwa limejifunga nusu, na kuning'inia.

Asubuhi ya tatu lilikuwa limenyauka. Intisar alifunga mkoba wake siku moja kabla ya wakati. Alivaa buibui, akasimama kwenye ngazi, na pale ndipo aliposema.

"Wifi, goti langu halina kitu. Nilikaa siku mbili nikingoja umwite."

Bi Swabaha alishika ukingo wa ngazi.

"Ukoo mzima twajua alipo. Twajua tangu wiki ile ya ndoa. Mimi mtoto wake nimemshika, jina lake Zeinabu, ana macho ya kaka yangu. Tumenyamaza kwa kukustahi, ukitaja Malaysia twasema inshallah. Nilipokwambia ulitunze jina sikukwambia umtupe mtoto. Na mimi nilikosa. Asubuhi ile nilimpelekea picha ya ua, nilidhani umekwisha mwita na yuko njiani. Alikuwa amevaa, wifi. Alikuwa amemvisha na mtoto. Alingoja juzi kutwa na jana kutwa."

Akateremka polepole, akishika ukuta, na Bi Swabaha hakumsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgeni yeyote.

Sasa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akapiga. Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikalia mpaka ikakatika. Mara ya tatu haikulia. Baadaye, adhana ya adhuhuri ikiwa inaanza, ujumbe ukaingia.

"Assalamu alaykum, Mama. Nimeliona ua kwenye picha ya shangazi, mashallah, ni zuri kama yale ya Baba. Nimefurahi hukuliua. Nilisema sitakusumbua tena na sitakusumbua. Kadenge amepata kazi Kismayu, tunaondoka Jumamosi. Samahani kwa yote niliyokukosea. Bayan."

Aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kiti cha Intisar akausoma tena, polepole, kutoka mwanzo, kwa jicho la ualimu wa miaka thelathini na mmoja, akitafuta sentensi moja yenye hasira, ukali au ukosefu wa adabu wa kuweza kumlaumu mtoto. Hakuiona.